Urani: metali iliyookotwa jalalani

Wachimba fedha waliitupa. Watengeneza rangi wakatupa mabaki yake. Watafuta radiamu wakaiona mzigo. Kila mara alikuja mwingine akaokota.

Mtu akitajiwa urani, fikra humwendea jiwe la kijani linalowaka gizani. Picha hiyo tumeipata kwenye filamu na katuni. Urani iliyosafishwa ni metali ya rangi ya fedha iliyoelekea kijivu, na gizani haionekani kabisa. Ukiikata leo inang'aa. Iache wazi kwenye hewa, itafifia, itapiga kahawia na mwisho itakuwa nyeusi. Kinachomshtua anayeinyanyua ni uzito. Lita moja ya maji ina kilo 1. Ujazo huohuo wa chuma una karibu kilo 8, wa risasi kilo 11 na kidogo, wa urani kilo 19. Ni metali chache, dhahabu ikiwamo, zinazoizidi.

Wala si adimu kiasi hicho. Katika kila tani ya miamba ya ukoko wa dunia kuna wastani wa gramu karibu 3 za urani, wingi unaoizidi fedha mara nyingi. Imo kwenye granaiti, imo kwenye fosfeti, imo hata kwenye maji ya bahari, miligramu 3 hivi katika kila mita ya ujazo. Kilichokuwa adimu kwa karne nyingi ni mtu wa kujua inafaa kwa nini.

Kule Geita, mawe yanayotolewa shimoni na kumwagwa pembeni kwa kuwa hayalipi huitwa magwangala, na hawakosekani watu wa kuyapekua wakiamini kuna kilichosahaulika. Sijui metali nyingine ambayo historia yake imepita kwenye magwangala mara nyingi kama urani.

Jiwe lisilopendwa

Joachimsthal ni mji mdogo wa milimani, leo uko Jamhuri ya Czech na unaitwa Jáchymov. Fedha ilianza kuchimbwa hapo mwaka 1516, na kwa miongo kadhaa mji ukaneemeka. Lakini katika kufuata mkanda wa fedha, wachimbaji walikuwa wakikutana na jiwe jeusi, zito, lenye mng'ao wa lami. Likishaonekana hilo, mara nyingi fedha ilikuwa inakaribia kuisha. Likatolewa nje pamoja na kifusi.

Katika milima hiyohiyo wachimbaji walikuwa wakifa mapema kwa maradhi ya kifua ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walionyesha kuwa yalikuwa saratani. Mhusika mkuu, gesi ya radoni inayotokana na urani iliyomo ndani ya miamba, alikuja kutambuliwa baadaye sana. Jiwe lililotupwa nje ya shimo lilikuwa limeacha pumzi yake ndani.

Mwaka 1789 jiwe la aina hiyo, kutoka mgodi wa Johanngeorgenstadt upande wa Saxony, lilifika mezani kwa Martin Heinrich Klaproth, mfamasia wa Berlin aliyeijua kemia kwa kuifanya kazi. Wengine walilidhania kuwa madini ya zinki au chuma. Klaproth aliliyeyusha katika asidi ya nitriki, kisha akaipoza asidi kwa alkali, na chini ya chombo yakatuama mashapo ya njano. Hakuna metali aliyoijua iliyokuwa na tabia hiyo. Akayachukua yale mashapo, akayachanganya na mkaa, akayatia tanuruni. Ukatoka unga mweusi wenye mng'ao, naye akaamini ameipata metali yenyewe. Septemba 24 mwaka huo alitangaza habari hizo mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia. Jina alilitoa angani: miaka minane nyuma William Herschel alikuwa ameigundua sayari ya Uranus.

Elementi alikuwa ameigundua kweli, ila metali hakuwa nayo. Unga wake ulikuwa oksidi, maana urani huishika oksijeni kwa nguvu ambayo mkaa wa tanuru lile haukuweza kuishinda. Klaproth alifariki mwaka 1817 bila kulijua hilo. Iliwachukua wakemia miaka 52 tangu tangazo lake hadi mtu mmoja alipoamua kuikwepa oksijeni kabisa. Huyo ni Eugène-Melchior Péligot wa Paris. Mwaka 1841 aliunganisha urani na klorini, akaupasha moto mchanganyiko huo pamoja na potasiamu ndani ya chombo cha platini. Potasiamu ikaichukua klorini, ikabaki metali.

Uroho huo wa oksijeni haujaisha. Vumbi laini la urani huweza kuwaka lenyewe likikutana na hewa, na ndiyo sababu viwandani metali hii hukatwa ikimwagiwa kimiminika cha kupoza.

Njano yenye soko

Sokoni hakuna aliyeitaka metali ya Péligot. Watu walitaka ile njano ya Klaproth. Huko Bohemia, katika miaka ya 1830, watengeneza vioo wa ukoo wa Riedel walichanganya chumvi za urani kwenye kioo kilichoyeyuka, wakapata vyombo vya njano na vya kijani walivyovipa jina la Anna. Zikatengenezwa bilauri, vinara, vyombo vya maua, shanga. Ukivimulika vyombo hivyo kwa taa ya urujuanimno vinawaka kijani kikali, na huenda ndiko ilikotoka ile picha ya kwenye katuni. Mng'ao huo hauna uhusiano na mionzi ya nyuklia: urani iliyomo kwenye kioo hupokea mwanga tusiouona na kuurudisha kwa rangi tunayoiona.

Rangi si jambo la pembeni kwa metali hii. Atomu ya urani huweza kuachia elektroni tatu, nne, tano au sita inapoungana na nyingine, na kila hali ina sura yake. Ikiachia tatu, majimaji yake huwa mekundu ya zambarau; nne, ya kijani; sita, ya njano. Tofauti hii ya nne na sita tutairudia tukifika Namtumbo, nchini Tanzania.

Katikati ya karne ya 19 kiwanda cha rangi za urani kilijengwa palepale Joachimsthal. Jiwe lililokuwa kifusi likawa na mnunuzi. Kiwanda kilitoa urani kwenye jiwe, na unga wa kahawia uliobaki kikaumwaga msituni chini ya misonobari.

Wakati huo hakuna aliyejua hata uzito wa kweli wa atomu yake. Vitabu vilisema 120. Mwaka 1871 Dmitri Mendeleev, akipanga jedwali lake la elementi, aliona kwamba kwa uzito huo urani haina pa kukaa. Akauzidisha mara mbili, 240, na urani ikahamia mwisho wa orodha ikiwa nzito kuliko zote zilizojulikana. Vipimo vya baadaye vilimpa haki: ni 238.

Mawingu ya Paris

Mwishoni mwa Februari 1896 jua liligoma kutoka Paris. Henri Becquerel alikuwa akilihitaji. Miezi michache kabla yake Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miali ya eksirei, na Becquerel alitaka kujua kama chumvi za urani, zikishaota jua, hutoa miali ya namna hiyo. Alikuwa na sahani ya picha iliyofungwa kwa karatasi nyeusi isiyopitisha mwanga, juu yake fuwele za chumvi ya urani, na kati yake kipande cha shaba chenye umbo la msalaba. Kwa kuwa kulikuwa na mawingu, aliviweka vyote kwenye droo.

Machi 1 aliamua kuisafisha sahani hiyo hivyohivyo, akitegemea kuona kivuli hafifu. Alichokiona ni alama nzito, na msalaba umejichora barabara. Fuwele hazikuwa zimeona jua, na kazi zilikuwa zimeifanya. Kesho yake alilisoma jambo hilo mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Miezi michache baadaye akapima metali tupu ya urani, nayo ikatoa miali mikali kuliko chumvi zake zote. Basi miali ilitoka kwenye urani yenyewe, usiku na mchana, bila kuchajiwa na kitu.

Wengi waliona ni jambo la kupendeza tu, wakaendelea na eksirei. Aliyelichukulia kwa uzito ni Marie Curie, aliyekuwa akitafuta mada ya shahada ya udaktari. Badala ya sahani za picha alitumia kifaa cha kupima umeme mdogo mno kilichobuniwa na mumewe, Pierre, pamoja na kaka wa Pierre. Kifaa hicho kilimpa namba, na namba ndizo zilizomwonyesha kitu cha ajabu: lile jiwe jeusi lilitoa miali hadi mara nne zaidi ya urani iliyomo ndani yake. Hesabu haikufunga. Ndani ya jiwe lazima kulikuwa na kingine.

Mwaka 1898, Julai, akina Curie walitangaza poloniamu, Desemba, radiamu. Ili kuipata radiamu kwa kiasi cha kupimika walihitaji mawe kwa tani, na fedha hawakuwa nazo. Marie akafikiri: kama kiwanda cha Joachimsthal kinachukua urani tu, basi anachokitafuta kimo kwenye kinachotupwa. Serikali ya Austria ikakubali kuwapa mabaki. Magunia yalipofika Paris na kufunguliwa, ndani kulikuwa na vumbi la kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari. Kutoka kwenye tani za vumbi hilo, mwaka 1902, walipata sehemu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu.

Saa iliyomo ndani ya mwamba

Kwa nini radiamu imejificha humo? Kiini cha atomu ya urani kina protoni 92, zote zikisukumana. Neutroni zinasaidia kuzishikilia, lakini mzigo umezidi. Mara mojamoja kiini hutema kipande kidogo chenye protoni mbili na neutroni mbili, tunachokiita chembe ya alfa, kikageuka thoriamu. Thoriamu nayo haitulii. Inageuka, inageuka tena, na baada ya hatua 14 safari inaishia kwenye risasi, ambayo imetulia. Radiamu ni kituo kimojawapo njiani. Radoni, ile gesi ya mashimoni, ndicho kituo kinachofuata. Panapo urani ya kale pana radiamu, kwa kipimo kisichobadilika sana: karibu gramu 1 kwa kila tani 3.

Urani haina haraka. Aina yake kuu, urani-238, huchukua miaka bilioni 4.5 nusu yake kugeuka, karibu sawa na umri wa dunia. Nusu ya ile iliyokuwapo dunia ilipoumbika bado ipo. Mwaka 1907 Bertram Boltwood wa Marekani alitumia jambo hilo kama saa: pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, utajua mwamba una umri gani. Kwa njia zilizotokana na wazo hilo ndipo binadamu alipoujua umri wa sayari anayoishi.

Ugeukaji huo wa polepole ndio pia unaoeleza kwa nini urani tupu haiui kwa kutazamwa. Chembe za alfa hukomeshwa na karatasi, hata na ngozi. Hatari huanza vumbi likivutwa mapafuni, ambako hakuna ngozi ya kuzuia, au likinywewa kwenye maji, maana urani ni sumu ya figo kama zilivyo metali nyingine nzito.

Utajiri wa Katanga

Mwaka 1915 mtafuta madini wa Kiingereza, Robert Rich Sharp, alikuta mawe ya rangi kali, njano na kijani, kwenye kilima cha Shinkolobwe, karibu na mji ambao leo ni Likasi, katika Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoyapima haikuamini. Kwingineko mgodi wenye asilimia 1 ya urani huhesabiwa kuwa tajiri. Hapa mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65.

Kampuni ilitaka radiamu. Hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zikiitumia kutibu saratani, na gramu moja iliuzwa zaidi ya dola 100,000. Wafanyakazi wa Kikongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili cha migodi ya Katanga, walichimba na kuyachambua mawe kwa mikono mitupu, mazuri yakipelekwa Olen nchini Ubelgiji kuanzia mwaka 1922. Urani iliyopatikana ilizidi mahitaji. Kidogo kilikwenda kwa watengeneza vioo na vyombo vya kauri, na kingine kikarundikwa. Mwaka 1937 soko la radiamu lilipojaa mgodi ukasimamishwa, maji yakaingia.

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na miezi michache tu kabla thamani ya urani yenyewe haijajulikana.

Desemba 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann, wakemia wa Berlin, walikuwa wakiipiga urani kwa neutroni na kuchambua kilichotoka. Walitegemea elementi zinazokaribiana nayo kwa uzito. Kila walipochambua walikuta bariamu, ambayo uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya urani. Hahn alimwandikia mwenzake wa miaka 30, Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Sweden mwaka huohuo kuwahepa Wanazi. Wakati wa Krismasi, akitembea kwenye theluji na mpwa wake Otto Frisch, Meitner alipata jibu. Kiini kizito kinafanana na tone la maji lililojaa hadi kutetereka. Neutroni moja inatosha kulifanya linyooke, libane katikati na kupasuka vipande viwili. Waliketi juu ya gogo wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi: kila mpasuko ungetoa nishati ya elektroni-volti milioni 200. Makaa ya mawe yanapoungua, kila atomu hutoa elektroni-volti 4 hivi.

Haikuchukua muda kujulikana kuwa mpasuko huachia neutroni nyingine mbili au tatu zinazoweza kupasua viini vingine, na kwamba aina inayopasuka kirahisi ni urani-235, ambayo ni chini ya asilimia 1 ya urani yote. Kilo moja ya aina hiyo ikipasuka yote hutoa joto la karibu tani 3,000 za makaa ya mawe.

Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alidokezwa mwaka 1939 na wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa kwamba yale marundo yake si ya kupuuzwa. Wajerumani walipoingia Ubelgiji mwaka 1940, aliagiza tani zaidi ya 1,200 za mawe ya Shinkolobwe zitiwe kwenye mapipa na kupelekwa New York. Zikahifadhiwa ghalani Staten Island. Aliwaarifu maofisa wa Marekani, hawakumjibu. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols, wa mradi wa siri wa bomu, aliingia ofisini kwa Sengier kuulizia urani ya Kongo, akaambiwa ipo hapohapo mjini. Katika kikao hichohicho wakaandikiana makubaliano.

Desemba 2 mwaka huo, chini ya jukwaa la uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia kilichojengwa na binadamu. Agosti 6, 1945, bomu lililobeba kilo 64 hivi za urani liliangushwa Hiroshima. Iliyopasuka haikufika kilo 1. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Wamarekani ilitoka Kongo, na Wakongo waliochambua mawe yale kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi wala yanafanya nini.

Mwaka 1959 kinu cha utafiti kiliwashwa Kinshasa, ikiitwa Léopoldville, kikiwa cha kwanza Afrika. Mwaka uliofuata, Kongo ikipata uhuru, Wabelgiji waliziba mashimo ya Shinkolobwe kwa zege. Wachimbaji wadogo walirudi baadaye kutafuta kobalti, hadi mwaka 2004 serikali ilipoufunga rasmi mgodi huo, na mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu.

Kurekebisha jedwali

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliacha pia ugunduzi wa aina nyingine, wa kwenye karatasi. Hadi wakati huo urani ilipangwa chini ya tungsteni, ikidhaniwa ni ya ukoo wake. Mwaka 1940 na 1941 watafiti wa Berkeley, California, walitengeneza kutokana nayo elementi mbili mpya, neptuniamu na plutoniamu, na tabia zake hazikulingana na majirani waliopangiwa. Glenn Seaborg alipendekeza mwaka 1944 kwamba elementi kuanzia aktiniamu na kuendelea zitolewe zikae safu yake peke yake. Ndizo aktinidi, na ndizo zile unazoziona leo zikiwa zimewekwa chini kabisa ya jedwali ukutani darasani. Inasemekana wenzake walimwonya asichapishe. Wazo lingemharibia jina. Alichapisha mwaka 1945.

Magwangala nayo hayakukoma. Ili kupata mafuta ya vinu, urani hugeuzwa gesi na kuzungushwa kwenye mashinepewa kwa kasi kubwa, ili urani-235 iliyo nyepesi kidogo itengane na nzito. Huku ndiko kurutubisha urani tunakokusikia kila siku kwenye taarifa za habari. Inayobaki, karibu yote ikiwa urani-238, ni nyingi kuliko inayopatikana. Kwa kuwa ni nzito sana, ilikuja kutumika kama uzito wa kusawazisha ndege na kama risasi za kutoboa vifaru.

Mwaka 1972, katika kiwanda kimoja cha Ufaransa, mchambuzi aligundua kuwa urani kutoka Oklo, Gabon, ina urani-235 asilimia 0.717 badala ya 0.720 inayopatikana kila mahali. Tofauti ndogo kiasi hicho mtu angeweza kuipuuza. Waliifuatilia, wakakuta kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita, wakati urani-235 ilikuwa bado asilimia 3 au zaidi, maji yaliyopenya kwenye mwamba wa Gabon yaliwasha vinu vya nyuklia vya asili vilivyowaka na kuzima kwa muda mrefu sana. Mawe hayo yalikuwa yamepita mikononi mwa wengi. Aliyepima kwa makini ndiye aliyeyasikia.

Namtumbo

Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, haikuja kwa namna ya Shinkolobwe. Hapo tunarudi kwenye zile hali za nne na sita. Urani iliyoachia elektroni sita huyeyuka kwenye maji yenye oksijeni, ikasafirishwa chini ya ardhi ndani ya miamba ya mchanga. Ikikutana na mahali palipo na mabaki ya mimea ya kale na oksijeni imekwisha, hurudi kwenye hali ya nne, haiyeyuki tena, inatuama. Jambo hilo likiendelea kwa mamilioni ya miaka, mashapo yanajengeka. Kiasi chake ni kidogo kwa kila tani, lakini eneo ni kubwa.

Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili eneo la mgodi litoke nje, uamuzi uliopingwa na watetezi wengi wa mazingira. Leseni ilitolewa mwaka 2013. Bei ya urani ikaporomoka na mradi ukalala. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapo kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani, kinachoendeshwa na kampuni ya Mantra iliyo chini ya shirika la Rosatom la Urusi.

Kitakachouzwa ni unga wa oksidi, ndugu wa karibu wa ule alioutoa Klaproth tanuruni. Kugeuzwa gesi, kurutubishwa na kutengenezwa kuwa mafuta ya vinu, yote hayo hufanyika katika nchi chache zenye ujuzi na mitambo, na thamani huongezeka huko. Wananchi wa Namtumbo wana haki ya kuuliza juu ya mrabaha na ajira, na wamekuwa wakiuliza. Historia ya metali hii inaongeza swali jingine.

Popote miamba ya urani inapochimbwa na kusagwa, urani ikishatolewa, marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, hubaki na karibu asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo kwenye mwamba. Thoriamu imebaki, radiamu imebaki, na radoni inaendelea kuzaliwa kutokana nazo. Aina ya thoriamu inayozilisha hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 75,000 hivi. Mgodi huishi miongo michache. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya kinachohitaji kuangaliwa kitakuwa kwenye marudio, kule ambako wachimba fedha, watengeneza rangi na watafuta radiamu walikuwa wakigeuza visogo.

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, ina sheria, na ina vijana waliosoma fizikia na kemia. Kabla ya kubishana juu ya bei ya kilo, inafaa ijulikane nani atapima maji ya visima vya Namtumbo mara kwa mara, kwa vifaa vya nani, vipimo hivyo vitatangazwa wapi, na nani atalipia kazi hiyo mwenye leseni akishaondoka. Sengier alijua kilichomo kwenye mapipa yake, na wachambuaji wa Shinkolobwe hawakujua. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani atapata nini, na safari hii hakuna kisingizio cha kuirudia.